Fundi Aliyepima Mashimo

Katika miaka yangu yote ya kazi Tarime, hakuna mtu aliyenihoji kuhusu gari langu kama yule Fundi wa Nyamisangura, na hapo nawahesabu pia askari wa barabara ya Sirari ambao kuhoji ndiyo kazi yao. Askari alitaka leseni na bima, basi. Fundi alitaka kujua napita wapi, napita mwezi gani, nabeba nini, nani anakaa kiti cha nyuma na mwili wake ukoje. Ukimjibu harakaharaka aliinamisha kichwa, akakutazama kwa chini, akasema, "Ehe. Na kingine?" Mji wetu uko karibu na mpaka, na kila mtu anajua kuna magari yanayopita njia zisizo na jina. Kwa hiyo swali la unabeba nini si la kuulizana hivi hivi. Mimi nilimjibu kwa hasira kwamba nabeba chanjo za ng'ombe pamoja na mwili wangu mwenyewe. Akachukua msumari, akakwaruza kwenye kipande cha bati: mtu mmoja, chanjo.

Nilianza kumshuku siku hiyo hiyo.

Mimi ni afisa mifugo. Nililetwa huku kutoka Kondoa, na vijijini wananiita daktari, jina ambalo sikulikataa. Gari nililinunua kwa mtumishi aliyehamishwa: kubwa, la zamani, rangi ya kijani iliyopauka, injini nzima, lakini tumbo limeshuka kwa uzee. Kiangazi halikuwa na neno. Mvua zikianza, malori yanachimba mifereji miwili barabarani, katikati panabaki tuta, na gari langu lilikuwa likilalia tuta hilo huku magurudumu yakizunguka bure. Masika moja nilikaa njia ya Nyarero tangu asubuhi mpaka jioni, nimekwama, kisanduku cha barafu pembeni yangu. Barafu ikawa maji, chanjo ikawa ya kumwaga. Wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe wao tangu alfajiri wakinisubiri, na wiki ile ile ndama wakaanza kufa. Niliporudi kule, mama mmoja alinionyesha zizi lake la ndama likiwa tupu. Nikaamua gari litainuliwa, hata kama ningelazimika kuliinua kwa mikono.

Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa Fundi, na kila mmoja alimalizia kwa maneno yale yale: "Kazi anaijua. Ila ukae naye hapo hapo."

Wenye magari ya zamani hawahitaji kuelezwa maana ya kukaa hapo hapo. Ukipeleka gari gereji, unapeleka na macho yako. Unakaa kwenye benchi, unakunywa soda ambayo huna hamu nayo, unahesabu kila nati inayotoka. Ukigeuka kupokea simu, kitu chako kizuri kinaweza kuondoka na kibovu cha mwingine kikaingia. Wengine huweka alama kwa patasi kwenye spea zao. Benchi la Fundi lilikuwa refu, ubao mmoja juu ya mawe mawili, na kila siku lilikuwa na watu wazima wanne watano wamekaa kimya, kila mtu anatazama gari lake na kumtazama mwenzake.

Gereji yenyewe haikuwa na kibao. Ilikuwa nyuma ya duka la mabati, uwanja mweusi kwa oili, na kwenye kona kulikuwa na rundo la vyuma vya zamani. Rundo lile lilinisumbua sana. Fundi alikuwa akibadilisha kitu anakuomba cha zamani kibaki. Ukisema hapana alikupa bila kununa. Ukisema ndiyo, alikirusha kule kwenye rundo, na baada ya mwezi ungeweza kukiona chini ya gari la mtu mwingine, kimesafishwa, kinafanya kazi. Hakuficha. Niliwahi kumwona akimwambia mteja, "Hii bushi ilikuwa ya padri, ina maisha bado." Mimi nilijiuliza, kama anajua kukipa uhai kilichokufa, anashindwaje kukiondoa kilicho hai?

Halafu hakuwa na gari. Fundi wa magari, mikono mipana ya ajabu, kila mtu mpaka Mugumu anamjua kwa springi na shokapu, na yeye anakuja kazini kwa baiskeli. Nilimuuliza siku moja kwa utani wa kuchimba.

"Daktari," akasema, "nikiwa na gari, nitaitengeneza saa ngapi?"

Wote benchini walicheka. Mimi nilicheka na wao, lakini jibu sikuliamini. Kwangu mtu asiyetaka alichonacho kila mtu alikuwa anaficha kitu.

Kuhusu muda alikuwa mwongo wa waziwazi. Akikuambia njoo kesho saa nne, ujue saa nne ipo, ila kesho yake haijulikani ni ipi. Alidanganya kuhusu kama amekula, kuhusu mahali alipokuwa simu ilipoita, kuhusu kama amewahi kuugua. Kuhusu chuma hakudanganya. Hilo nalijua sasa. Wakati ule niliona mwongo ni mwongo, na sikuona kwa nini aache alipofika kwenye vitu vyenye thamani.

Jumamosi hakufungua, ilikuwa siku yake ya ibada. Lakini akitoka kusali alipita gereji na suti yake ya kahawia, mikono nyuma, akazunguka kila gari akichungulia chini bila kugusa. Niliwahi kumkuta hivyo, ameinama mpaka tai inagusa vumbi. Nikamsalimia shikamoo, akaitika, nikamuuliza mbona anafanya kazi siku ya ibada.

"Kutazama si kazi," akasema. "Ingekuwa kazi, nyie wa benchini mngekuwa mmechoka."

Kabla ya kukubali kuinua gari la mtu, alitaka kupelekwa mahali gari hilo linapokwama. Picha ya simu hakuitaka. Ukimwonyesha magari ya mitandaoni yaliyonyanyuliwa mpaka mtoto anapita chini wima, alikurudishia simu yako kwa vidole viwili kama umempa kitu kichafu. Basi Jumapili moja tulikwenda. Nyuma ya kiti changu alilaza fimbo yake, fimbo ya kawaida ya mchungaji, ila ilikuwa imekatwa kwa kisu alama ndogondogo toka chini mpaka juu.

Alipima mifereji ya Nyarero, akashuka na viatu vyake vya mpira mpaka kwenye tope, akasimamisha fimbo, akaweka kidole gumba kwenye alama. Akapima tuta la katikati. Akapima sehemu tatu, sita, nane. Nilimwambia kazi yangu inanifikisha mpaka Kerende, akasema twende Kerende. Kule ndiko tulikotaka kuumbuka. Kerende mtu akionekana na kifaa cha kupimia, watu hawaulizi ni cha nini. Wanajua ni fidia ya ardhi, mgodi wa dhahabu wa jirani unataka kupanuka. Hatujamaliza shimo la pili, wanakijiji wakawa wametuzunguka. Mzee mmoja akadai tumepima mpaka wa jirani yake tukaruka wake. Kijana mmoja tayari alikuwa anashusha miti ya kujengea, atengeneze kibanda cha haraka ili naye ahesabiwe, mambo yale wanayoyaita kutegesha.

"Mnapima ya nani?" mzee akauliza.

"Ya shimo," Fundi akasema.

"Shimo la nani?"

"La serikali, mzee. Limo barabarani."

"Na huyu mama ni nani?"

"Mwenye gari. Gari inalala kwenye tuta, sisi tunataka iruke."

Hawakuamini hata neno moja. Walitusindikiza mpaka garini, na kijana wa miti akaendelea kuchimbia nguzo zake kwa tahadhari. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa kupotezewa Jumapili. Leo nikikumbuka najiona nilikuwa nimesimama katikati ya watu wa aina yangu kabisa, watu walioambiwa ukweli mtupu na kuutazama kama uongo.

Njiani kurudi akatoa hukumu. "Inchi mbili."

"Mimi nataka nne, fundi."

"Mimi sipimi roho yako, nimepima shimo. Inchi mbili unaruka matuta yote isipokuwa moja, na hilo moja utazunguka. Ukienda nne, mpira wa breki unavutika, shafti inakaa vibaya, usukani unacheza. Kila kitu huko chini kimekatwa urefu wake. Ukitaka nne mtafute mwingine."

Mafundi wa inchi nne walikuwapo, lakini nikakubali mbili. Kuna bwana mmoja, kila mtu alijua gari lake linatembea saa ambazo sisi tumelala, na Fundi alimwinulia bila kumuuliza swali hata moja. Hilo liliniudhi kuliko yote. Mimi mtumishi nihojiwe kama mhalifu, na yule apite! Nikamuuliza kwa nini.

"Yeye hakunidanganya," akasema. "Alinyamaza."

"Na mimi nilikudanganya?"

"Ulisema unabeba mtu mmoja na chanjo. Kwenye Jumapili yetu nimeona makombo ya mahindi, manyoya ya kuku, na kiatu cha mtoto wa shule. Wewe unabeba kijiji, daktari. Springi ya mtu mmoja ingekufa mwezi wa kwanza."

Springi nilizifuata mwenyewe Mwanza, mpya, nyeusi, zinang'aa, na shokapu zake. Mvua zilikuwa karibu, na wale wa Nyarero nilikuwa nimewaahidi kwamba safari hii nitafika. Nilizisimamisha sebuleni, nne zote, juu ya ncha zake bapa kama vigoda, nikazitazama wakati nakunywa chai. Nikawaza benchi, nikawaza rundo. Nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikapaka kila moja alama ndogo chini kabisa karibu na sakafu, mahali ambapo mtu hatupii jicho upesi. Nilijisikia mjanja sana.

Siku ya kufunga nilikaa benchini tangu saa mbili. Saa tano nikapigiwa simu kuna ng'ombe amekufa ghafla Nyarero na watu wanataka kumchuna. Kwa kazi yangu huwezi kusema ngoja, ugonjwa mwingine unatoka kwa ng'ombe unahamia kwa mla nyama. Nikapanda pikipiki nikaenda. Niliporudi gari lilikuwa limeshasimama kwa miguu yake, limenyanyuka, zuri. Fundi alikuwa akijifuta mikono. "Zungusha mji, usikie," akasema.

Kesho yake asubuhi nilitandika kanga uani, nikalala chali na tochi chini ya gari langu. Nikatafuta wekundu chini ya springi ya kwanza. Hakuna. Ya pili, hakuna. Zote nne, hakuna. Nililala pale nimekasirika, na sitaficha, kulikuwa na furaha ndani ya hasira ile. Si nilijua tangu mwanzo!

Sikwenda kumuuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimejaribu kulipa majina mengine bila kufanikiwa. Nilijiambia atakana tu. Nilijiambia mimi ni mgeni huku, yeye ana ndugu. Badala yake nilimwambia jirani yangu Mwalimu, ambaye naye alikuwa na gari kwa Fundi.

"Kakubadilishia?" Mwalimu akasema. "Una hakika?"

"Niliweka alama. Haipo."

Mwalimu alilipeleka neno lile shuleni, na kutoka chumba cha walimu likaenda lilikotaka. Baada ya muda nilipita pale gereji nikaona benchi limesogezwa. Wateja walikuwa wamekaa karibu naye kiasi kwamba mmoja alikuwa ameshika mfuko wa spana magotini. Fundi anafanya kazi katikati yao, hatazami mtu. Aliniona. Akaninyooshea mkono wa salamu, nami nikapiga honi nikapita. Miezi ikaenda, watu wa benchini wakapungua, gereji mpya zikafunguliwa barabara kuu zenye vibao na rangi. Na mimi masika yote yale nilipita matuta ya Nyarero bila kukwama hata mara moja, juu ya springi nilizoamini ni za kuokoteza. Wala sikujiuliza.

Ilikuwa miaka sita baadaye, hamu ya inchi nne ikanirudia, nikaenda kwa fundi kijana wa barabara kuu. Hakuniuliza napita wapi. Hakuzifungua springi kabisa, alichomeka vipande vya chuma vya mviringo juu ya miguu ya mbele, pale springi na shokapu zinapokaa pamoja, na chini ya springi za nyuma, gari likapaa. Watoto walishangilia. Wiki ya tatu, nashuka mteremko wa Kerende, ndani nina mama mjamzito niliyempa lifti na kuku wake wawili, nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni. Mpira wa breki ulikuwa umevutwa hadi ukachanika. Nililiingiza gari kwenye rundo la mchanga wa wajenzi, likasimama. Mama yule hakuumia. Alishuka, akachukua kuku wake, akaniambia "Asante daktari, hapa nitatembea," na akaenda bila kugeuka. 

Gari lilipovutwa mpaka mjini na kufungwa mpira mpya wa breki, nikajua kuna mtu mmoja tu wa kulishusha. Nilinunua shokapu mpya, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimepinda. Na asubuhi ya kwenda kwake, kabla sijatoka nyumbani, nikafanya kitu ambacho mikono ilikifanya kwa mazoea. Nitakisema mbele.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi lake mwenyewe. Halikuwa na mtu mwingine. Uwanjani kulikuwa na gari moja juu ya mawe, majani yameota chini yake. Macho yake yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho, ikabidi nijitaje.

"Shikamoo fundi. Ni mimi, wa mifugo."

"Marahaba. Nimeisikia gari kabla sijakusikia wewe. Nani ameishika?"

Hakungoja jibu. Alifanya kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akitukana polepole kwa Kikurya kila alipofika kwenye vipande vile vya chuma. Mimi nilisimama, benchini sikukaa. Alitoa mguu wa kwanza wa mbele, akabana springi, akaitoa, akaigeuza juu chini. Akapitisha ukucha wake kwenye ncha bapa. 

"Rangi yako hii," akasema.

Ilikuwapo. Nyekundu, mbichi kama juzi, haijaguswa na tope kwa sababu ilikuwa imefichwa juu, ndani ya bakuli la chuma ambamo ncha ile hukaa. Nilikuwa nimezisimamisha sebuleni juu ya ncha bapa, nikadhani ncha inayokaa chini nyumbani ndiyo inayokaa chini kwenye gari. Upande bapa unakwenda juu. Yeyote aliyewahi kufunga springi anajua.

"Uliiona lini?" nikauliza.

"Siku ile ile. Nne zote. Nikasema, huyu mama amenitegea."

"Sasa mbona hukuniambia, fundi? Watu walisema…"

"Watu hawakusema. Ulisema wewe. Nilisikia kutoka kwa Mwalimu mwenyewe, amekaa hapo." Akaonyesha mahali patupu kwenye ubao. "Ningesema nini? Nifungue gari ya mtu niseme tazameni, mimi si mwizi? Nilijua siku moja zitatoka. Nikasema siku hiyo mwenye gari awepo."

Nilimwambia anisamehe. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikataja ng'ombe aliyekufa na pikipiki, kama vile ndivyo vilivyopaka rangi. Hakusema amenisamehe, wala hakukataa. Aliharibikiwa kwa sababu yangu na pia kwa sababu ya kiburi chake, na sijui mpaka leo ni kipi kilichochukua wateja wengi zaidi. Aliokota tambara, akafuta mikono kidole kwa kidole.

"Lete shokapu mpya."

Nikazileta. Akaipokea ya kwanza, akaipima kwa mkono, akaizungusha.

"Alama umeweka wapi?"

Nilitaka kukana. Lakini asubuhi ile sebuleni nilikuwa nimekaa na ile chupa ndogo nyekundu, chupa mpya kwa sababu ya zamani ilishakauka, na nilikuwa nimepaka nne zote, kwa makini, kabla ya kuja kumwomba mzee huyu aniokoe.

"Macho yangu hayaoni kitu kidogo," akasema. "Nionyeshe."

Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya alama. Akaitambua kwa kuigusa, akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari. Alipoisimamisha shokapu mahali pake, kabla ya kukaza, aliizungusha taratibu mpaka wekundu ukatazama nje, upande ambao mwenye gari anaweza kuuona kila asubuhi bila kutandika kanga.

"Inaonekana?" akauliza kutoka chini.

Nilichuchumaa kwenye vumbi lililochanganyika na oili. Nikamwambia inaonekana, naye akakaza nati.